Mizoram: jimbo la India lililoingia vitani kisa mianzi kutoa maua

Juni 2021, miezi minne hivi baada ya jeshi la Myanmar kupindua serikali, waziri kiongozi wa jimbo la Chin, Salai Lian Luai, alivuka mpaka akaingia India kuomba hifadhi. Na hakuwa wa kwanza, walikuwa wameshamtangulia wabunge, polisi waliogoma kupiga watu risasi, walimu, akina mama na watoto wao mgongoni, na baadae idadi ikapita elfu 30. Sasa serikali kuu ya Delhi ilikuwa imeshatoa maagizo toka Machi kwamba majimbo yote ya mpakani yawazuie na walioingia warudishwe, lakini Mizoram, jimbo lenye watu milioni moja na kidogo tu, kwenye nchi ya watu zaidi ya bilioni, likagoma. Waziri kiongozi wake wa wakati huo, Zoramthanga, akamwandikia barua waziri mkuu wa India, Modi, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba hao ni damu yetu, hatuwezi kukaa tunawaangalia tu wakiteseka.

Wengi waliofuatilia habari ile walijiuliza jimbo dogo namna hiyo linapata wapi jeuri ya kuibishia Delhi. Na cha kuchekesha, huyo Zoramthanga mwenyewe ujana wake wote aliumalizia msituni akiwa muasi, anapigana na jeshi la hiyohiyo India. Kwa hiyo ukitaka kuielewa hii ishu inabidi urudi nyuma sana, mpaka kwenye machifu, majani ya chai, wamisionari, na panya. Ndio, panya, tutafika.

Kwanza tujue tuko wapi. Fungua ramani ya India, nenda kulia kabisa, utaona kuna kipande kikubwa kimeunganishwa na India nyingine kwa njia nyembamba inayopita juu ya Bangladesh. Ndani ya hicho kipande shuka kusini mpaka mwisho, pale penye jimbo lililochomekwa kama kidole kati ya Bangladesh na Myanmar, ndio Mizoram. Ukubwa wake ni kilomita za mraba kama 21,000, mpaka na Myanmar km 510, na Bangladesh km 318, yaani limezungukwa na nchi za nje kuliko na India yenyewe. Yote ni milima, mikali, imejipanga toka kaskazini kwenda kusini na mito inapita chini kwenye mabonde. Makao makuu ni Aizawl, mji uliojengwa juu ya mgongo wa mlima, mita 1,100 na ushee toka usawa wa bahari, nyumba zimening'inia kwenye mteremko, unaingia dukani kutokea barabarani unadhani uko chini kumbe hapo ni ghorofa ya nne na wapangaji wengine wanaishi chini ya miguu yako.

Wenyeji wanaitwa Wamizo, ila usidhani ni kabila moja la siku zote. Ni jina la kukusanya watu wa koo na makabila mengi yenye asili inayofanana, kuna Walusei, Waralte, Wahmar, Wapaite, Walai, Wamara na wengine, na lugha ya Walusei ndio ikaja kuwa ya wote. Ndugu zao waliobaki upande wa Myanmar wanaitwa Wachin, na wa Manipur, jimbo jirani la India, wengi wanaitwa Wakuki. Nyumbani kwao wenyewe wana hadithi moja, kwamba wote walitoka chini ya ardhi kwenye tundu lililofunikwa na jiwe, panaitwa Chhinlung. Walikuwa wanatoka mmojammoja mpaka ikafika zamu ya Waralte, ambao wanasifika kwa kuongea, wakatoka wanapiga kelele hasa, Mungu akasikia ule ubishi akadhani watu wamekuwa wengi kupita kiasi, akarudishia jiwe. Mpaka leo Waralte wanataniwa kwa hiyo stori.

Na kabla ya ukristo waliamini mtu akifa roho yake inapitia kwenye ziwa linaloitwa Rih Dil ndipo inaenda kwenye kijiji cha wafu. Ziwa lipo kweli, watu wanaenda kutalii na kupiga picha, ila liko Myanmar, mwendo mfupi tu ukishavuka mto Tiau pale Zokhawthar. Kuna msemo wa utani kwao kwamba ziwa kubwa kuliko yote la Mizoram liko nchi nyingine. Ukitafakari, ziwa ambalo roho za mababu zako zote zilipitia, leo linahitaji upite geti la wanajeshi, utaanza kuelewa ile barua ya Zoramthanga ilitoka wapi.

Maisha ya zamani yalikuwa ya kijiji, na kila kijiji kilikuwa kama nchi. Juu kuna chifu, wanamwita lal, wengi wao wa ukoo wa Sailo. Chifu ndio anagawa sehemu za kulima kila mwaka maana kilimo chao kilikuwa cha kufyeka mianzi, kuchoma, kupanda mpunga wa mlimani halafu mwaka unaofuata mnahamia kilima kingine. Mkulima anampa chifu sehemu ya mpunga, mwindaji akiua mnyama anapeleka mguu wa mbele kwa chifu. Kuna wazee wa baraza, kuna kuhani, kuna mhunzi, kuna mpiga mbiu. Lakini chifu hakuwa sultani wa kuogopwa kupita kiasi, maana akizidisha ubabe watu wanafunga mizigo wanahamia kwa chifu mwingine, na chifu asiye na watu ni mtu wa kawaida tu mwenye kibanda kikubwa. Walikuwepo pia watumwa wa ndani, bawi, watu waliojisalimisha kwa chifu kwa sababu ya njaa au kesi au waliozaliwa kwenye hali hiyo, na hili lilikuja kuleta ugomvi mkubwa kati ya wamisionari wenyewe kwa wenyewe, kuna daktari wa misheni anaitwa Peter Fraser aliupinga mfumo huo waziwazi mpaka serikali ya kikoloni ikamtimua.

Katikati ya kijiji kulikuwa na bweni kubwa la vijana wa kiume, zawlbuk. Mtoto akibalehe halali tena nyumbani, analala bwenini, na humo ndimo anafundishwa kila kitu, mieleka, kuwinda, nyimbo, kusikiliza wakubwa. Wadogo kazi yao kuleta kuni za moto usiku. Vita ikitokea hawa ndio jeshi, mtu akipotea msituni hawa ndio wanaenda kutafuta, nyumba ya mjane ikivuja hawa ndio wanaezeka. Yote yanaongozwa na maadili wanayoyaita tlawmngaihna, kwamba unatanguliza wenzako bila kuombwa na bila kutaka kusifiwa. Na utajiri nao ulipimwa hivyohivyo kwa kinyume, mtu mwenye mpunga mwingi na ng'ombe wale wa milimani wanaoitwa mithun, hakupata heshima kwa kuvificha, alitakiwa afanye karamu mfululizo alishe kijiji kizima mpaka akaribie kufilisika, ndio anapewa cheo cha thangchhuah, anaruhusiwa kuvaa vazi maalumu na kuweka dirisha kwenye nyumba yake, na akifa anapitiliza moja kwa moja peponi. Wengine wote njiani wanakutana na mzee mmoja anaitwa Pawla amekaa na upinde wa kurushia vidongo vya udongo anawatandika. (Cheo hicho pia unaweza kukipata kwa kuua wanyama wakubwa kadhaa, tembo akiwemo, lakini tajiri mvivu alichagua karamu.)

Sasa Waingereza waliingiaje? Chai. Karne ya 19 katikati makampuni ya chai yakawa yanasogeza mashamba toka bonde la Cachar kwenda juu kwenye vilima, ambako kwa Wamizo ni maeneo yao ya kuwindia tembo, na wao wakawa wanashuka kuvamia. Januari 1871 wakavamia shamba la Alexandrapur, wakamuua Mwingereza anaitwa James Winchester na wakamchukua binti yake Mary wa miaka kama sita. Kesi ikawa kubwa, jeshi likapandishwa mlimani 1871 mpaka 1872 likamrudisha mtoto, ambaye huko kijijini walishampa jina la Zoluti na kwa maelezo yaliyopo alikuwa ameshazoea, anaongea kimizo. Baada ya hapo wakaweka mstari, sheria ya 1873, kwamba mtu wa tambarare asivuke kwenda mlimani bila kibali. Wengi wanadhani ile sheria iliwekwa kuwalinda Wamizo, mi naona ililinda zaidi biashara ya chai na kuepusha gharama za vita, ila ndio hivyo, wenyewe waliikamata wakaifanya ngao yao, na mpaka leo hata Mhindi wa Mumbai akitaka kwenda Aizawl lazima apate kibali cha mstari huo.

Miaka ya 1890 Waingereza wakaamua kutawala kabisa. Na hapa ndipo tatizo la mpaka lilipozaliwa. Mwaka 1892 walikaa kikao Calcutta wakajadili kuwaweka watu wote hawa wa milima ya Chin na Lushai (Lushai ndio jina Waingereza walilowaita Wamizo) chini ya utawala mmoja, wakakubaliana kwa maneno, haikufanyika. Upande mmoja ukawa chini ya Assam, jirani yao wa kaskazini, kama wilaya ya Milima ya Lushai toka 1898, upande wa pili ukawa Burma, yaani Myanmar ya leo, na 1937 Burma ilipotengwa rasmi na India, mto Tiau ambao watu walikuwa wanauvuka kwenda kuoa ukawa mpaka wa nchi mbili. Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa.

Wamisionari nao walifika Januari 11, 1894, vijana wawili wa Kiingereza, J.H. Lorrain na F.W. Savidge, walipanda na mtumbwi mto Tlawng mpaka Sairang. Hii tarehe hadi sasa ni sikukuu ya serikali kule. Walikaa chini ya miaka minne tu lakini walitunga alfabeti ya kimizo kwa herufi za kilatini na kutafsiri injili kadhaa, ndio wakaja Wamisionari wa Wales wakaendeleza. Mbatizwa wa kwanza ni 1899, na ndani ya miaka kama hamsini karibu jamii nzima ilikuwa ya kikristo, spidi ambayo ni ngumu kuipata kwingine. Sensa ya 2011 inasema asilimia 87 ni wakristo na wanaojua kusoma na kuandika ni asilimia 91, ya tatu India nzima.

Ila ukisema wamisionari walifuta utamaduni utakuwa umesema nusu. Kweli walipiga vita pombe ya mchele, wakapiga vita karamu na ngoma, na bweni la vijana nalo likafa, rasmi likazikwa 1938 baada ya shule kuchukua nafasi yake. Lakini angalia kilichotokea upande wa pili. Kwenye uamsho wa miaka ya 1906 hadi 1919 watu wenyewe walianza kuimba tenzi kwa mahadhi yao ya zamani, taratibu, kwa sauti za huzuni, ngoma kubwa ya mti ikarudishwa kanisani, watu wanazunguka katikati wakicheza mdogomdogo usiku kucha, Mwales hakufundisha hayo. Halafu Juni 15, 1935 ikaanzishwa jumuiya ya vijana ambayo sasa inaitwa Young Mizo Association, YMA, na hii ukiichunguza ni lile bweni limefufuka kwa jina jingine, tofauti tu ni kwamba saivi na wasichana wamo.

Chukua mfano wa msiba. Mtu akifariki Aizawl, kila mtaa una spika za YMA zimefungwa kwenye nguzo, tangazo linatoka. Saa hiyohiyo vijana wa mtaa wanajigawa, wengine wanaenda kuchimba kaburi, wengine wanabeba mabenchi, wengine wanakuja kulala pale nyumbani na wafiwa wakiimba mpaka asubuhi. Mfiwa hanunui jeneza kwa kuhangaika wala hatafuti wachimbaji. Na kuchangia kanisa nako kuna namna yake, toka 1910 kuna kitu kinaitwa buhfai tham, mama akiwa anapika, kabla hajatia mchele kwenye sufuria anachota konzi moja anaweka pembeni kwenye chombo, kila mlo, mwisho wa wiki kanisa linapita kukusanya, unauzwa, hela inajenga na kutuma wainjilisti. Hata maskini wa mwisho ana konzi ya mchele. Ukipita barabara kuu maeneo ya Seling utaona vibanda vya mianzi vina mboga, matunda, chupa za juisi, bei imeandikwa, na kuna makopo mawili, moja la kuweka hela na jingine la kujichukulia chenji. Muuzaji hayupo, yuko shamba.

Basi tuje kwenye panya. Milima ya kule imefunikwa na aina ya mianzi inayoitwa mautak, na hii ina tabia ya ajabu, inakaa miaka kama 48 bila kuchanua, halafu yote kwa pamoja, milima mizima, inatoa maua, inazaa matunda yenye nyama kama peasi, halafu inakufa. Matunda yanaanguka chini tani kwa tani. Panya wanakula, wanazaliana mpaka inakuwa janga, na matunda yakiisha hao mamilioni ya panya wanahamia mashambani usiku, mkulima analala shamba lina mpunga anaamka halina. Wanaita mautam. Ilitokea 1862, ikatokea 1911, kwa hiyo kila mzee alikuwa anajua hesabu, inayofuata ni 1959.

Wazee waliisema hiyo mapema. Baraza la wilaya mwaka 1958 likapitisha azimio likaomba serikali ya Assam, maana walikuwa chini ya Assam, iwape rupia milioni moja na nusu za kujiandaa, kununua chakula, kuua panya. Assam ikakataa, ikaona ni imani za kishirikina za watu wa porini. Nakwambia kati ya makosa yote ya serikali kwenye hii stori, hili ndio naliona la kipumbavu kuliko yote, maana hela yenyewe ilikuwa ndogo na onyo lilikuja kwa maandishi.

Mwaka 1959 mianzi ikachanua kama ilivyosemwa. Njaa ikaingia. Vijana wakaunda kikundi cha kubeba mchele kupeleka vijijini, wakakiita Mizo National Famine Front, kiongozi wake ni Laldenga, aliyekuwa askari wa cheo cha chini jeshini na baadae mhasibu kwenye ofisi ya lile lile baraza la wilaya. Kule ambako serikali haikufika wao walifika na gunia mgongoni, na kila kijiji walipofika walionekana wa maana. Juu ya hayo Assam ikatangaza 1960 kwamba kiassam ndio lugha rasmi ya jimbo, ikawa mafuta kwenye moto. Oktoba 22, 1961 wakatoa lile neno la njaa kwenye jina, kikawa Mizo National Front, MNF, chama cha kudai nchi. Walipata na askari wenye mafunzo, maana jeshi la India lilikuwa limewaachisha Wamizo kibao wa kikosi kimoja cha Assam, na Pakistan ikawapa silaha na kambi upande wa iliyokuwa Pakistan Mashariki, Bangladesh ya leo.

Usiku wa Februari 28, 1966 wakapiga kwa pamoja Aizawl, Lunglei na Champhai, wakachukua hazina, na kesho yake wakatangaza uhuru. Jibu la India hawakulitegemea. Machi 5 ndege za kivita zikaja juu ya Aizawl, kwanza zikapiga risasi, zikarudi na mabomu ya kuwasha moto, mitaa ikaungua. India haijawahi kabla wala baada ya hapo kupiga mabomu ya ndege raia wake ndani ya ardhi yake. Serikali kwa muda mrefu ilisema ndege zile zilipeleka mahitaji kwa wanajeshi. Wenyeji wengi walikuwa wameshakimbilia msituni na vijijini, ndio maana waliokufa hawakuwa wengi kama mji ulivyoungua, ila kizazi kile hakijasahau.

Kilichofuata kwa maoni yangu kilikuwa kibaya kuliko mabomu. Kuanzia Januari 1967 jeshi likaanza kuhamisha vijiji. Askari wanafika, mnapewa muda mfupi kufungasha mnachoweza kubeba, kinachobaki pamoja na ghala la mpunga kinachomwa moto ili waasi wasile, mnasindikizwa mpaka kambi ya pembeni ya barabara iliyozungushiwa uzio, mnapewa namba, mnahesabiwa asubuhi na jioni, kwenda shamba kwa pasi. Mpaka 1970 zaidi ya vijiji 500 vilikuwa vimefutwa na watu kusukumwa kwenye makambi kama mia moja hivi. Mbinu ni ileile ambayo Waingereza waliitumia Malaya na kuanzia 1954 wakaitumia kwa Wakikuyu wakati wa Mau Mau, tofauti hapa aliyeitumia ni nchi iliyotoka kupata uhuru miaka ishirini tu nyuma. Kwa mkulima wa kuhamahama ambaye shamba lake liko kilomita kumi msituni, pasi ya kutoka asubuhi na kurudi jioni maana yake halimi. Vijiji vingi havikurudi tena, na ndio maana ukiitazama Mizoram leo watu wengi wako mjini kuliko unavyotegemea kwa jimbo la milima.

Vita ikaenda miaka 20. Lakini angalia ilivyoisha, maana hapa ndipo Mizoram inatofautiana na majimbo mengine ya ukanda ule kama Nagaland na Manipur ambako vikundi vimegawanyika kumi vikawa vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe. Makanisa toka mwanzo yalikuwa yanasema hayakubaliani na kumwaga damu, na wachungaji walikuwa wanatembea msituni kuongea na waasi na wakirudi wanaongea na majenerali. Kulikuwa na brigedia mstaafu, T. Sailo, mtu wa jeshi la India kabisa, miaka ya 70 akaunda kamati ya haki za binadamu akaanza kuorodhesha mateso yaliyofanywa na jeshi, watu wakampenda wakamfanya waziri kiongozi 1978. Delhi nayo ikaanza kulegea, 1972 Mizoram ikatolewa Assam ikawa eneo la kutawaliwa moja kwa moja na serikali kuu. Mazungumzo na Laldenga yalivunjika mara kadhaa, makubaliano ya 1976 yalikufa, na Oktoba 31, 1984 ambayo alipangiwa kuonana na waziri mkuu Indira Gandhi ndio siku aliyopigwa risasi huyo mama. Mkataba ukaja kusainiwa na serikali ya mwanae Rajiv, Juni 30, 1986.

Kilichomo kwenye mkataba ni kwamba MNF inaacha silaha na kudai nchi, Mizoram inakuwa jimbo kamili, na katiba ya India inaongezewa kifungu cha 371G kinachosema sheria ya bunge la Delhi inayogusa dini, mila, umiliki wa ardhi na sheria za asili za Wamizo haifanyi kazi kule mpaka bunge lao likubali. Waziri kiongozi aliyekuwepo, Lal Thanhawla wa chama cha Congress, akakubali kushuka akawa naibu ili Laldenga aliyetoka msituni akalie kiti. Niambie ni wanasiasa wangapi unaowajua wangekubali hilo. Februari 20, 1987 likawa jimbo la 23.

Watu wakisimulia huwa wanaishia hapo, ila mi naona amani ilipimwa baadae. Serikali ya Laldenga ilikuwa ya hovyo kidogo, 1988 wabunge wake wakamkimbia ikaanguka, uchaguzi wa 1989 akashindwa na yuleyule Lal Thanhawla. Jamaa alikuwa na watu waliopigana naye miaka ishirini na bado wanamtii, angeweza kurudi msituni, hakurudi. Akafa Julai 1990 London akiwa mgonjwa. Na Zoramthanga, msaidizi wake, alishinda kwa kura 1998, akashindwa 2008, akashinda tena 2018, akashindwa tena 2023 na chama kipya cha Lalduhoma, ambaye zamani alikuwa polisi kwenye ulinzi wa Indira Gandhi mwenyewe, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa yale mabomu ya 1966. Muasi anaachia ofisi kwa mlinzi wa mtu aliyemtupia mabomu, na hakuna jiwe lililorushwa.

Sasa nisije nikawapaka asali tu. Ile nguvu ya jamii kujisimamia yenyewe ina makali yake kwa asiye Mmizo. Kuna Wachakma, waumini wa dini ya Budha wanaoishi magharibi karibu na Bangladesh, wana baraza lao la kujitawala toka 1972 na kila baada ya muda kuna sauti zinasema livunjwe, wanaitwa wageni. Kuna Wabru, ambao 1997 walidai baraza lao wenyewe, mlinzi wa msitu akauawa, kisasi kikafuata, na zaidi ya watu elfu 30 wakakimbilia jimbo la Tripura. Walikaa kambini miaka zaidi ya ishirini, mpaka Januari 2020 ndio ikakubaliwa wabaki hukohuko Tripura wapewe viwanja. Yaani jimbo linalomfungulia mlango Mchin wa Myanmar ambaye si raia ndio hilohilo lililoshindwa kukaa na jirani mwenye kitambulisho cha India. Damu ndio kipimo, na ukishaelewa hivyo mambo mengi ya kule yanakaa sawa kichwani, mazuri kwa mabaya.

Kwa hiyo ule mgomo wa 2021 haukuwa jeuri ya ghafla. Wakimbizi walipokelewa na haohao wa YMA na makanisa, mchele na mablanketi vilichangwa mtaani kabla serikali haijakaa kikao. 2022 wakaongezeka wengine toka Bangladesh, na 2023 Manipur ilipowaka moto wakaja Wakuki zaidi ya elfu 12. Februari 2024 Delhi ikatangaza kwamba inafuta ule utaratibu wa watu wa mpakani kutembeleana umbali wa km 16 bila viza na itajenga uzio mpaka wote, bunge la Mizoram mwezi huohuo likapitisha azimio la kupinga. Baadae umbali ukapunguzwa kuwa km 10 na kuna pasi za kukata. Na sio kwa Myanmar tu wanapobishana mipaka, Julai 26, 2021 polisi wa Assam na wa Mizoram walirushiana risasi, askari 6 wa Assam wakafa, nchi moja hiyo, wanagombania mstari wa Mwingereza, mmoja anashika ramani ya 1875 mwingine ya 1933.

Mautam nyingine ilikuja 2007, safari hii serikali ilijipanga toka mapema, ikawa inalipa rupia 2 kwa kila mkia wa panya utakaopeleka ofisini. Njaa ilikuwepo na wakulima waliumia, ila haikuzaa vita.

Na Septemba 13, 2025 treni ikafika, reli ya km 51 toka Bairabi yenye mahandaki zaidi ya arobaini, stesheni ya mwisho ni Sairang, palepale Lorrain na mwenzake waliposhukia na mtumbwi. Mchele, saruji na gesi ya kupikia ambavyo vilikuwa vinapanda na malori kwenye barabara inayomomonyoka kila masika vitashuka bei, ndio matumaini ya wengi, na wazee wana wasiwasi na wageni watakaojaa. Kama unapanga kwenda, tiketi unakata kama kawaida, lakini kibali kile cha sheria ya 1873 bado kiko palepale, kuna watu wanakagua stesheni.